Makro ya Excel itambueje draivu za kompyuta: Dir, FileSystemObject, API au WMI?

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hii mashine inaniambia flashi haipo, na flashi nimeichomeka mwenyewe, taa yake inawaka naiona."

Ilikuwa siku ya kufunga hesabu za mwezi. Mama huyu ni mtunza hazina wa chama kidogo cha akiba na mikopo, na kitabu cha Excel nilichomtengenezea kina kitufe kimoja cha kunakili hesabu zote kwenye flashi kabla hajafunga ofisi. Nilimwomba afungue This PC anisomee herufi anazoziona. Akasoma: C, D, E, F. Flashi yake, ambayo miezi yote ilikuwa E, sasa ilikuwa F. E imechukuliwa na printa mpya iliyoletwa wiki ile, zile zenye tundu la memori kadi ubavuni. Tundu lenyewe lilikuwa tupu, lakini Windows ilikuwa imeshalipatia herufi.

Makro, yaani msimbo ulio nyuma ya kitufe kile, iliuliza kama E ipo, ikajibiwa ipo, ikaenda kuandika, ikagonga mwamba. Tangu siku hiyo siandiki tena herufi ya draivu ndani ya msimbo. Makro itafute yenyewe.

Kazi ni kuchagua itafute kwa njia ipi. Ndani ya VBA, lugha ya kuandikia makro za Excel, upande wa Windows kuna njia nne ambazo watu hutumia sana, na kwa mbali zinafanana: zote zitakuletea orodha ya herufi. Ukizisogelea utaona zinajibu maswali matatu tofauti. Herufi ipi imegawiwa? Draivu ipi ina kitu ndani kinachosomeka sasa hivi? Na kitu chenyewe ni nini hasa: flashi, diski ya nje, au folda iliyoko kwenye seva? Ile E ya printa ilikuwa na jibu la ndiyo kwa swali la kwanza na hapana kwa la pili. Ndiyo maana napima kila njia kwa maswali hayo, kuliko kwa urefu wa msimbo wake.

Dir na ChDrive

Hii ndiyo ya zamani, na bado utaikuta kwenye vitabu vingi vinavyozunguka maofisini. Unapitia A hadi Z, unajaribu kila herufi, na isiyoleta hitilafu unaihesabu kuwa ipo. `ChDrive "G"` kwenye mashine isiyo na G huleta hitilafu namba 68, na `On Error Resume Next` huimeza. Faida yake ni kwamba haihitaji chochote nje ya VBA yenyewe.

Siipendekezi. `Dir("F:\")` haiulizi kama draivu ipo, inauliza jina la faili la kwanza lililomo. Flashi iliyofomatiwa asubuhi haina faili la kuonekana, kwa hiyo Dir inarudisha maandishi matupu na makro inahitimisha kuwa hakuna flashi. Hata ile folda ya System Volume Information ambayo Windows huiweka yenyewe haihesabiki, kwa kuwa imefichwa.

Kuna ubaya mwingine unaouma zaidi. Dir ina kumbukumbu moja tu. Kama makro yako iko katikati ya kitanzi cha Dir ikipitia faili za mwezi, na ndani ya kitanzi hicho ukaita Dir nyingine kukagua draivu, ile ya kwanza inasahau ilikofika. Ama itaendelea kuorodhesha folda nyingine kabisa, ama itasimama kwa hitilafu namba 5. Na kama `On Error Resume Next` bado imewashwa, hutaambiwa lolote. Utagundua baadaye, siku unayoihitaji nakala na haipo.

FileSystemObject

Hapa ndipo mimi huanzia, na kwa kazi nyingi za ofisi ndipo huishia. Inakaa ndani ya faili la Windows liitwalo scrrun.dll, na makro inaiita kwa mstari mmoja:

```
Sub OrodheshaDraivu()
    Dim fso As Object, d As Object
    Set fso = CreateObject("Scripting.FileSystemObject")
    For Each d In fso.Drives
        If d.IsReady Then
            Debug.Print d.DriveLetter, d.DriveType, _
                d.VolumeName, d.FileSystem, _
                Format(d.FreeSpace / 1024 ^ 3, "0.0")
        Else
            Debug.Print d.DriveLetter, d.DriveType, "haiko tayari"
        End If
    Next d
End Sub
```

Ndani ya kihariri cha VBA fungua dirisha la Immediate kwa Ctrl+G, endesha, na utaona kila draivu kwenye mstari wake: herufi, aina, jina, mfumo wa faili (NTFS, FAT32, exFAT), na nafasi iliyobaki kwa gigabaiti. Msimbo unasomeka hata na mtu ambaye hajawahi kuandika makro, na hilo lina uzito wake, maana kesho ukiwa safarini atakayeufungua ni kijana wa ofisi.

Sifa ya kuishika ni `IsReady`. Ndiyo inayojibu swali la pili. Draivu ya DVD isiyo na diski, tundu la printa lisilo na kadi, zote zitaonekana kwenye orodha, lakini `IsReady` itasema False. Ukiruka hatua hiyo ukaomba `VolumeName` moja kwa moja, makro inasimama kwa hitilafu namba 71, ile ya diski kutokuwa tayari. Angalia pia kwamba `fso.DriveExists("E:")` hujibu swali la kwanza tu. Itasema True kwa tundu tupu la printa, na ndiyo iliyoniangusha kwa yule mama.

Sasa mtego ambao nimeuona kwenye msimbo wa watu wazoefu kabisa:

```
If d.IsReady And d.VolumeName = "BAKAPU" Then
```

Unasomeka vizuri, na ni kosa. Katika VBA, `And` hukokotoa pande zote mbili kabla ya kuamua. Hata kama `IsReady` ni False, bado itakwenda kuuliza jina, na hitilafu 71 itakuja vilevile. Hapo unahitaji `If` mbili, moja ndani ya nyingine. Hakuna njia ya mkato.

Mambo ya ukubwa nayo yana miiba yake. `FreeSpace` hurudisha namba kubwa kwa baiti. Ukiiweka kwenye kigeu cha aina ya Long, ambacho kikomo chake ni 2,147,483,647, flashi yenye zaidi ya gigabaiti 2 wazi itakuletea hitilafu namba 6. Tumia Double. Na usiandike `1024 * 1024 * 1024`: VBA huzichukulia hizo kuwa namba ndogo za aina ya Integer, na zidisho la kwanza tu linavuka 32,767, kwa hiyo hitilafu ni ileile. `1024 ^ 3` haina shida hiyo.

Udhaifu wake halisi ni mitandao. Ofisi yenye folda ya seva iliyopewa herufi, siku seva imezimwa, `IsReady` inaweza kuganda kwa sekunde kadhaa ikisubiri jibu, na mtumiaji anadhani Excel imekufa. Dawa yake ni kuuliza `DriveType` kwanza, ambayo hujibiwa papo hapo, na draivu za mtandao uziruke bila kuzigusa.

Ofisi chache zenye ulinzi mkali huiondoa scrrun.dll kwenye usajili wa Windows. Ukipata hitilafu 429 kwenye mstari wa `CreateObject`, hilo ndilo jambo la kwanza la kumuuliza msimamizi wa mfumo. Na kwa wanaoogopa kwa sababu Microsoft ilitangaza mwaka 2023 kuwa VBScript itaondolewa taratibu kwenye Windows: FileSystemObject haikai ndani ya vbscript.dll. Ni maktaba nyingine.

Kabla hujaenda mbali: namba za aina

Kabla ya njia mbili zilizobaki, kuna jambo lazima niliweke mezani, maana limeharibu makro nyingi zilizonakiliwa vipande vipande kutoka sehemu mbalimbali. Njia zote isipokuwa Dir hukupa aina ya draivu kwa namba, lakini namba hazifanani.

| Aina ya draivu | FileSystemObject | API na WMI |
|---|---|---|
| Haijulikani | 0 | 0 |
| Herufi isiyo na mzizi | – | 1 |
| Ya kuchomoa (flashi, memori kadi) | 1 | 2 |
| Diski ya ndani, isiyohama | 2 | 3 |
| Ya mtandao | 3 | 4 |
| CD au DVD | 4 | 5 |
| Diski ya RAM | 5 | 6 |

Tazama namba 2. Kwa FileSystemObject ni diski ya ndani ya kompyuta, kwa WMI ni flashi. Mtu akichukua kitanzi cha WMI chenye `DriveType = 2`, akakihamishia kwenye FileSystemObject bila kubadilisha, makro "itapata flashi" kila mara, nayo itakuwa C. Nakala za akiba zitaandikwa kwenye diski ileile inayobeba kitabu chenyewe, na kila mtu ataona ujumbe wa kuwa kazi imefanikiwa. Siku diski inakufa, vinaondoka vyote viwili. Ndani ya msimbo wangu siachi namba tupu. Juu kabisa ya moduli naandika `Const YA_KUCHOMOA = 1` na maelezo kwamba hiyo ni namba ya FileSystemObject.

API ya Windows

Hii ni kuzungumza na Windows yenyewe, bila mtu wa kati:

```
#If VBA7 Then
Private Declare PtrSafe Function GetLogicalDrives _
    Lib "kernel32" () As Long
Private Declare PtrSafe Function GetDriveType _
    Lib "kernel32" Alias "GetDriveTypeA" _
    (ByVal njia As String) As Long
#Else
Private Declare Function GetLogicalDrives _
    Lib "kernel32" () As Long
Private Declare Function GetDriveType _
    Lib "kernel32" Alias "GetDriveTypeA" _
    (ByVal njia As String) As Long
#End If

Sub HerufiZilizopo()
    Dim m As Long, i As Long
    m = GetLogicalDrives()
    For i = 0 To 25
        If m And 2 ^ i Then
            Debug.Print Chr(65 + i) & ":", _
                GetDriveType(Chr(65 + i) & ":\")
        End If
    Next i
End Sub
```

`GetLogicalDrives` hurudisha namba moja tu, na ndani ya namba hiyo kila herufi ina biti yake: A ni 1, B ni 2, C ni 4, D ni 8, E ni 16, F ni 32. Kompyuta yenye C, D na E itakupa 28. Chomoa E, uliza tena, unapata 12. Tofauti ni 16, basi E ndiyo iliyoondoka. Kwa kutambua kilichochomekwa au kuchomolewa hivi punde sijaona njia nzuri kuliko hii. Unahifadhi namba ya kabla, unamwambia mtu achomeke flashi kisha abonyeze Sawa, unauliza tena, unalinganisha. Hujagusa draivu yoyote, kwa hiyo hata seva iliyozimwa haikucheleweshi.

Lakini inajibu swali la kwanza tu, na `GetDriveType` inaongeza kipande cha la tatu. Kama flashi inasomeka, inaitwaje, ina nafasi kiasi gani, hayo yote yanahitaji amri nyingine za API, na hapo msimbo unaanza kuwa mzito. Ya kuuliza nafasi, `GetDiskFreeSpaceEx`, hurudisha namba ya biti 64, na kwenye Office ya biti 32 VBA haina aina ya namba kamili ya ukubwa huo. Wazoefu huipokea kwa aina ya Currency kisha huzidisha kwa 10,000. Inafanya kazi. Ila mrithi wako akiikuta bila maelezo, atakaa siku nzima akijiuliza fedha zimeingiaje humo.

Neno `PtrSafe` lilikuja na Office 2010, toleo la kwanza lenye biti 64. Bila neno hilo, Office ya biti 64 inakataa kabisa kuukusanya msimbo, na tangu Office 2019 biti 64 ndiyo huwekwa yenyewe usipochagua vingine. Vitabu vya zamani vinavyokufa baada ya ofisi kununua kompyuta mpya, mara nyingi hiki ndicho kinachoviua.

Kuna sababu nyingine inayonifanya niwe mwangalifu. Microsoft Defender ina kanuni ambayo msimamizi anaweza kuiwasha, inayozuia makro za Office kuita API ya Win32. Ni ulinzi wa haki, kwa kuwa makro nyingi za wizi hupitia hapo. Ukimpelekea kitabu chako mtu aliye kwenye kompyuta za shirika kubwa au benki, huenda kisifanye kazi, na hutakuwa na la kumlaumu.

WMI

WMI ni huduma ya Windows inayojua karibu kila kitu kuhusu mashine, na unaiuliza kwa lugha inayofanana na ya hifadhidata:

```
Dim w As Object, d As Object
Set w = GetObject("winmgmts:\\.\root\cimv2")
For Each d In w.ExecQuery( _
    "SELECT DeviceID, VolumeName, VolumeSerialNumber, " & _
    "Size, FreeSpace FROM Win32_LogicalDisk " & _
    "WHERE DriveType = 2")
    Debug.Print d.DeviceID, d.VolumeName & "", _
        d.VolumeSerialNumber & ""
Next d
```

Ule `WHERE` ni mtamu, na ni wa lazima pia. Ukiuliza draivu zote kwenye mashine yenye herufi za mtandao, WMI nayo itakwenda kugonga seva. Ukiomba namba 2 peke yake, hurudishiwi za mtandao.

Ile `& ""` nimeiweka kwa makusudi. Tundu lisilo na kadi litarudisha Null, yaani hakuna thamani, kwenye jina na namba, na ukiiweka Null kwenye kigeu cha maandishi unapata hitilafu namba 94. Kwa upande mwingine, hiyo Null ndiyo `IsReady` ya WMI: `IsNull(d.Size)` ikiwa True, hakuna kitu ndani. Na ukubwa huja kama maandishi, si namba, kwa hiyo pitisha `CDbl` kabla ya kulinganisha. Ukilinganisha maandishi na maandishi, "9" ni kubwa kuliko "15".

Sasa kwa nini mtu ahangaike na WMI wakati FileSystemObject ni nyepesi na ya haraka? Sababu ni diski ya nje. Chomeka diski ya nje ya terabaiti 1, zile za kebo ya USB, kisha ziulize njia zote tatu ni aina gani. Zote zitajibu: diski isiyohama, sawasawa na C. Alama ya kuchomoa wanapewa flashi na memori kadi, na diski ya nje haimo. Makro inayotafuta "ya kuchomoa" haitaiona kamwe, hata ikae mezani mbele yako.

WMI ndiyo inayoweza kushuka chini ya herufi hadi kwenye kifaa chenyewe bila kulazimika kuandika amri nzito za API:

```
Dim k As Object, s As Object, h As Object
For Each k In w.ExecQuery("SELECT * FROM Win32_DiskDrive " & _
    "WHERE InterfaceType = 'USB'")
  For Each s In w.ExecQuery( _
    "ASSOCIATORS OF {Win32_DiskDrive.DeviceID='" & _
    Replace(k.DeviceID, "\", "\\") & _
    "'} WHERE AssocClass = Win32_DiskDriveToDiskPartition")
    For Each h In w.ExecQuery( _
      "ASSOCIATORS OF {Win32_DiskPartition.DeviceID='" & _
      s.DeviceID & _
      "'} WHERE AssocClass = Win32_LogicalDiskToPartition")
      Debug.Print k.Model, h.DeviceID
    Next h
  Next s
Next k
```

Kutoka kifaa kwenda kwenye kizigeu (partition), kutoka kizigeu kwenda kwenye herufi. Msimbo si mzuri wa kutazama, nakubali, na zile alama za mkwaju zilizorudufiwa ukizisahau hupati kitu. Lakini mwisho wake unapata jina la kiwandani la diski na herufi yake upande kwa upande, na hilo Dir na FileSystemObject hazikupi. Tahadhari moja: baadhi ya diski za nje za kasi hujitambulisha kama SCSI, aina nyingine ya muunganisho, hata zikiwa kwenye tundu la USB. Kama yako ni ya namna hiyo, ondoa `WHERE`, chapisha vifaa vyote, uone `Model` yako inasemaje, kisha tafuta kwa hiyo.

WMI pia huuliza kompyuta nyingine ya mtandao mmoja. Weka jina lake mahali pa ile nukta, ukiwa na haki za msimamizi. Kwa anayetunza kompyuta ishirini za shule na anataka kujua ni ipi C yake inakaribia kujaa, hapo hakuna mjadala.

Gharama yake ni muda: mwito wa kwanza unaweza kuchelewa hadi mtu akaona. Kwa kitufe kinachobonyezwa mara moja jioni, si neno. Kwa makro inayokagua draivu kila dakika, ni mzigo. Na usichanganye WMI na amri ya wmic ya dirisha jeusi. Microsoft imeiweka wmic kwenye orodha ya vinavyoondolewa, lakini huduma ya WMI yenyewe inabaki.

Basi uchukue ipi

Unataka kuandika nakala kwenye flashi, na wanaotumia kitabu ni watu wa kawaida kwenye kompyuta za kawaida: FileSystemObject. Wanatumia diski ya nje, au unakagua mashine za wengine: WMI. Unataka kujua herufi iliyotokea sekunde hii, na kompyuta ni zako mwenyewe: API. Dir iachie faili na folda, huko inafanya kazi yake vizuri.

Kuchanganya njia mbili si dhambi. Nina kitabu kinachotumia FileSystemObject kila siku, kisha siku isipopata flashi yoyote iliyo tayari, ndipo kinaita WMI kuangalia kama kuna diski ya nje. Ule uzito wa WMI unalipwa mara chache.

Kuna hali ambazo hakuna njia kati ya hizi itakuokoa bila wewe kuwaza. Programu ya Google Drive kwenye Windows hutengeneza draivu yake, na hiyo hujitambulisha kama diski ya ndani, kwa hiyo makro inayochagua "diski yenye nafasi kubwa" inaweza kuishia kupakia hesabu za chama mtandaoni kwa bando la mtu. Herufi zilizotengenezwa kwa amri ya subst nazo zinaonekana kama diski halisi, kumbe ni folda. Na Excel ikifunguliwa kwa haki za msimamizi, kwa kawaida draivu za mtandao ulizoziunganisha mwenyewe hupotea kwenye orodha. Makro ni nzima, ila Windows huziweka kwenye vikao viwili tofauti. Nimewahi kutafuta hilo usiku mzima.

Kama baadhi ya watumiaji wako wana Mac, jua kwamba FileSystemObject, WMI na kernel32 (inamotoka ile API) zote hazipo huko. Draivu hukaa chini ya /Volumes bila herufi. Tenga msimbo kwa `#If Mac Then`, na kwa upande huo mwombe mtumiaji achague folda mwenyewe.

Jambo moja zaidi kabla sijarudi kwa mama. Tangu mwaka 2022 Office huzuia makro kwenye faili lililotoka mtandaoni au kwenye barua pepe, hata kama msimbo wako hauna doa. Mpokeaji abonyeze faili kwa kitufe cha kulia, aingie Properties, aweke alama kwenye Unblock. Hilo linahusu njia zote nne, na limewafanya watu wengi wabadilishe msimbo ambao haukuwa na kosa.

Nilichomwekea mama

Kwake nilibaki na FileSystemObject, ila sikuishia kwenye kutafuta flashi yoyote. Watoto wa ofisini huchomeka flashi zao za nyimbo, na hesabu za wanachama hazipaswi kwenda huko. Jina la flashi halitoshi, kila mtu anaweza kuiita yake BAKAPU. Nikatumia namba ya ujazo ambayo Windows huiandika wakati wa kufomati, ileile unayoiona ukiandika vol F: kwenye dirisha jeusi. WMI huitoa tayari kama herufi nane. FileSystemObject huitoa kama namba ya kawaida, wakati mwingine hasi, na `Hex` ikiigeuza hudondosha sufuri za mwanzo, kwa hiyo unazirudisha:

```
Const YA_KUCHOMOA = 1   'namba ya FileSystemObject

Function HerufiYaFlashi(namba As String) As String
    Dim fso As Object, d As Object
    Set fso = CreateObject("Scripting.FileSystemObject")
    For Each d In fso.Drives
        If d.DriveType = YA_KUCHOMOA Then
            If d.IsReady Then
                If Right("0000000" & Hex(d.SerialNumber), 8) _
                    = namba Then
                    HerufiYaFlashi = d.DriveLetter & ":\"
                    Exit Function
                End If
            End If
        End If
    Next d
End Function
```

Aina kwanza, ili seva isiguswe. Utayari wa pili, ili tundu la printa lirukwe. Namba ya mwisho. Chama kina flashi mbili, moja inakaa kabatini na nyingine kwa mwenyekiti, zikibadilishana kila wiki. Namba zote mbili ziko kwenye karatasi iliyofichwa ndani ya kitabu, na kabla ya kuandika makro inamwonyesha mama herufi, jina na nafasi iliyobaki. Flashi moja iliwahi kufomatiwa na kijana aliyetaka kuisafisha virusi, namba ikabadilika, na makro ikakataa kuandika. Mama alipiga simu, akanisomea namba mpya herufi kwa herufi, nikamwelekeza pa kuiweka. Dakika tano.

Printa bado ipo pale mezani, na E bado ni yake.